Maswali yanayoulizwa sana kuhusu vyungu na ufinyanzi: vilianzaje, vinatengenezwaje, na vya jikoni unavitunzaje

Nina banda la vyungu pembeni ya barabara. Kazi yenyewe nilifundishwa na mama mkubwa nikiwa bado nasoma shule ya msingi, na kila siku watu wakisimama wanauliza yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike. Ukikuta nimesema "angalia swali la 9" nenda huko tu, sitaki kurudia rudia.

## Mambo ya kwanza kwanza

1. Kila kitu cha udongo si ni ufinyanzi tu?

Hapana. Tofali bichi la kujengea ni udongo uliokauka, mvua ikilipiga wiki nzima linarudi kuwa tope. Chungu kimepita motoni mpaka udongo wenyewe umebadilika, ukikizamisha kwenye maji mwaka mzima hakirudi kuwa tope ng'o. Badiliko hilo linakuja moto ukifika kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi. Hapo yale maji yaliyofungwa ndani kabisa ya udongo, siyo yale uliyokandia, yanatoka na hayarudi tena. Ndo maana mfinyanzi hawezi kukurudishia udongo wake baada ya kuchoma, lakini kabla ya kuchoma anaweza kuliponda jungu zima na kuanza upya.

2. Kuumba na kufinyanga ni kitu kimoja?

Zamani ndiyo. Lugha nyingi za Kibantu bado zinatumia neno moja kwa kazi zote mbili, kwa mfano Wabemba wa Zambia wanasema *ukubumba* kwa kufinyanga na kwa kuumba. Mumbi wa Wakikuyu, yule mama wa hadithi yao ya asili, jina lake limetoka huko huko. Sisi kwenye Kiswahili tumemwachia Mungu kuumba, mama mkubwa tukamwachia kufinyanga, ambako ukisikiliza vizuri utasikia kufinya ndani yake. Na *nyungu* nalo ni neno la kale sana, karibu Wabantu wote wanalo, tulikuwa tumelisahau sahau hivi mpaka 2020 ilipokuja Korona kila mtu Tanzania akawa anapiga nyungu, yaani kujifukiza mvuke, wengine kwenye sufuria.

3. Chungu cha kwanza duniani kilitoka wapi?

Vya zamani zaidi vinavyojulikana vimetoka China, kwenye pango la Xianrendong mkoa wa Jiangxi, vina kama miaka 20,000. Japani nao wana vya zaidi ya miaka 15,000. Cha kushangaza ni kwamba hao watu hawakuwa wakulima, walikuwa wawindaji na wavuvi, kwa hiyo ile habari tuliyosoma shuleni kwamba binadamu alianza kulima kwanza ndo akatengeneza vyungu vya kuhifadhi nafaka haishiki kila mahali.

Afrika nayo haikungoja kuletewa. Ounjougou, huko Mali, vimepatikana vigae vya zaidi ya miaka 11,000.

4. Na huku kwetu Afrika Mashariki?

Hapa ndo patamu. Kuzunguka ziwa Victoria kulikuwa na wawindaji na wavuvi waliofinyanga vyungu maelfu ya miaka kabla ya jembe la chuma, vinaitwa Kansyore, kwa jina la kisiwa kimoja kwenye mto Kagera. Baadaye, kama miaka 500 kabla ya Kristo, vikaja vyungu vya Urewe. Urewe ni sehemu ya Siaya, Kenya, ila vyungu vya namna hiyo vimetapakaa Rwanda, Burundi, Kagera na Uganda, na mara nyingi vinakutwa na mabaki ya watu waliokuwa wakiyeyusha chuma. Vingi vina kibonyeo chini kwenye kitako, kama mtu kabonyeza kidole gumba udongo ukiwa mbichi. Siku ya kwanza kuona picha yake nilicheka, maana mama mkubwa alikuwa akinigombeza nikiacha alama ya kidole, kumbe kuna watu walifanya hiyo ndo fasheni.

Kwenye miaka ya 200 hivi baada ya Kristo kuna vyungu vinavyoitwa Kwale, upande wa pwani na milima ya karibu. Halafu kuanzia kama miaka ya 600 pwani yote, toka Lamu kushuka Kilwa hadi Msumbiji na kuvuka Komoro, unakuta vyungu vyenye mistari ya pembetatu iliyochorwa shingoni. Kenya wamezoea kuviita Tana, Tanzania wataalamu akina Felix Chami wakaviita kwa hiyo michoro ya pembetatu, wamebishana sana, ila chungu ni kile kile.

5. Si Waarabu na Wachina ndo walileta vyungu pwani?

Wameleta vyao, ndiyo. Makaburi ya Kunduchi kule Dar yalipambwa kwa mabakuli ya China, yamepachikwa kwenye nguzo kabisa, na Gedi na Mambrui ni hivyo hivyo. Kutoka Uajemi yalikuja majungu makubwa yenye rangi ya samawati ya kung'aa. Lakini hivyo vilikuwa vitu vya kuonyesha wageni na kupamba msikiti na kaburi. Ukichimba mji wa kale wa Waswahili kama Shanga kisiwani Pate au Kilwa Kisiwani, sehemu kubwa kabisa ya vigae vinavyotoka ni vya hapa hapa, vya kupikia, vimeungua masizi chini. Watu wanakumbuka bakuli la Mchina kwa sababu linang'aa, wali umepikwa kwenye chungu cha mama wa jirani.

## Udongo na mikono

6. Udongo wa mfinyanzi unapatikana wapi na ntaujuaje?

Mabondeni, kingo za mito, kwenye mbuga zinazotuama maji. Chukua bonge dogo, lilowanishe, liviringishe kama kamba nene ya kidole halafu lizungushe kwenye kidole chako. Ukikatika katika, una mchanga mwingi. Ukizunguka bila kupasuka ndo wenyewe.

Ila ujue udongo mzuri sana nao ni tatizo, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Kwa hiyo unachanganya kitu kingine: mchanga, au magae ya vyungu vilivyovunjika yaliyotwangwa, wengine wanatia majani makavu au kinyesi cha ng'ombe. Kazi ya hicho kichanganyio angalia swali la 9, maana ndo siri yote ya chungu cha kupikia.

7. Mnafinyanga vipi bila mashine?

Kila kabila lina njia yake, ntasema ile niliyofundishwa. Udongo unachimbwa, unatolewa mawe na mizizi, unalowekwa siku kadhaa, unapondwa na kukandwa hadi usikie umekuwa mmoja mkononi, huo ukandaji ndo unaochosha kuliko vyote na ndo watoto wanapewa. Halafu unachukua kigae kipana cha chungu kilichovunjika, unanyunyizia majivu ili kisigande, unaweka bonge la udongo juu yake na kulibonyeza katikati. Hicho ndo kitako. Kuanzia hapo unaviringisha kamba za udongo, unazipanga moja juu ya nyingine huku unazibana kwa kidole gumba kwa ndani na kuzilaza kwa nje, mpaka zisionekane kabisa. Ukiziacha zinaonekana, chungu kitapasukia hapo hapo kwenye maungio.

Kunyoosha kuta tulitumia kipande cha kibuyu kwa ndani na gunzi la hindi kwa nje. Gunzi hilo hilo ukilibiringisha shingoni linaacha nakshi ya vidoti vidoti, bure kabisa. Wengine wanatumia kamba iliyosokotwa, wa pwani wengi gamba la kombe.

Kuna hatua ya katikati ambayo mtu akiikosa kazi imeharibika: chungu hakijakauka lakini hakibonyei tena, ukikigusa ni baridi na kigumu kama ngozi nene. Hapo ndo unakigeuza, unakwangua kitako kiwe cha mviringo, unapaka ngeu kama unataka wekundu, na unasugua kwa kokoto laini la mtoni mpaka king'ae. Mama mkubwa alikuwa na kokoto moja aliyorithi kwa mama yake, lilikuwa limelika upande mmoja hadi limekuwa bapa, na mtu akiligusa, kelele za mama mkubwa zinasikika mpaka kwa jirani. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji wenzetu wanadhani ni malezi ya watoto tu, sisi ni ratiba ya kazi.

Baada ya hapo kivulini wiki moja hadi mbili. Siyo juani, jua linakausha nje ndani bado.

8. Mbona wazee hawakutumia gurudumu la kufinyangia?

Gurudumu lilianza Mesopotamia zaidi ya miaka 5,000 iliyopita na lina faida moja kubwa, spidi. Mtu anayetengeneza mamia ya vikombe vinavyofanana kwa ajili ya soko la mji analihitaji. Mtu anayetengeneza majungu matano baada ya mavuno, mapana ya kuchukua debe zima la pombe, kwa udongo wenye changarawe ambao ukizungusha kwa kasi utakuchuna viganja, gurudumu la nini? Huku kwetu mfinyanzi ndo anakizunguka chungu, kinyumenyume, ameinama. Mgongo unauma, hilo sikatai, na ukimwona bibi anafanya hivyo bila kipimo chochote na mdomo wa chungu unatoka duara kamili huwezi kusema ni teknolojia ya chini.

9. Kwanini chungu cha kijijini kinakaa motoni na bakuli la dukani linapasuka?

Hili swali nalipenda. Bakuli la kauri limechomwa moto mkali sana, zaidi ya nyuzi 1,200, limekuwa karibu kama kioo: gumu, halipitishi maji, zuri mezani. Lakini ukiliweka kwenye jiko chini linapata moto ghafla linataka kutanuka, juu bado la baridi, basi pah.

Chungu chetu kimechomwa nyuzi 600 hadi 900 hivi, kina matundu madogo madogo na ile changarawe ya kwenye swali la 6. Ufa ukianza unakutana na punje ya mchanga au tundu unaishia hapo, haufiki mbali. Na kitako cha mviringo hakina kona, kwa hiyo moto unasambaa sawasawa, ndo maana kinakaa kwenye mafiga matatu na siyo mezani. Watu wanasema hawa bibi walishindwa kutengeneza vyungu vigumu. Wangetengeneza vigumu mngepikia nini?

10. Mnachoma kwenye tanuri?

Wengine wana tanuri au joko la kujengwa, mimi nachoma wazi chini. Unatandika kuni na magome, unapanga vyungu vimelala, unafunika kwa matete na majani makavu mpaka visionekane. Kabla ya hapo lazima uvipashe kwanza kwa moto mdogo. Moto ukishika unapanda haraka sana, ndani ya saa moja au mbili kazi imeisha. Unajua vimeiva kwa rangi, vinakuwa vyekundu kama kaa la moto, siyo vyeusi vya masizi, masizi yanaungua yenyewe joto likifika.

Wengi huchoma jioni, upepo ukitulia, na pia gizani rangi unaiona vizuri.

11. Vinalipuka kwanini?

Kila mtu atakwambia ni hewa iliyobaki kwenye udongo. Kwa sehemu kubwa siyo hewa, ni maji. Chungu hakijakauka vizuri, joto linapita nyuzi 100, maji yanakuwa mvuke na mvuke hauna pa kutokea. Hewa peke yake haina nguvu hiyo, ila sehemu yenye povu huwa na ukuta mnene unaochelewa kukauka, ndo inasingiziwa.

Mimi mwenyewe mwaka mmoja wa masika nilikuwa na oda ya harusi, nikachoma vyungu tisa ambavyo vilikuwa vinaonekana vikavu kabisa. Nikavigusisha shavuni kama nilivyofundishwa, vikawa vya baridi kidogo, ubaridi huo ndo maji yenyewe, nikajisemea aah itakuwa hali ya hewa. Vilianza kulia kimoja kimoja kama mahindi ya bisi. Vilibaki viwili. Sasa hivi shavu likisema baridi nasubiri hata kama bwana harusi amesimama mlangoni.

12. Mbona vingine vyeusi vingine vyekundu, ni udongo tofauti?

Mara nyingi ni udongo ule ule. Una madini ya chuma, yakipata hewa ya kutosha motoni yanakuwa mekundu. Ukikitoa kikiwa bado cha moto ukakifukia kwenye pumba au majani mabichi, moshi unaingia ndani na kinatoka cheusi tii. Mabaka meusi kwenye chungu chekundu ni pale kuni ilipokigusa, siyo ubovu, msinipunguzie bei kwa hilo.

## Watu wenyewe

13. Kwanini wafinyanzi wengi ni wanawake?

Sehemu nyingi ni hivyo: Wapare, Wakisi, Wakamba, Wajaluo, Mafia. Mara nyingi mama ndo mpishi na mbeba maji, anajua chungu kikae vipi kichwani na jikoni. Lakini siyo sheria ya dunia, Buganda waliokuwa wakifinyanga ni wanaume, na Rwanda na Burundi kazi hii imekuwa ya Watwa, ambao wenzao walinunua vyungu vyao huku wakiwadharau wao.

Miiko ilikuwepo pia. Sehemu nyingi wanaume hawasogei vyungu vikichomwa, na mwanamke akiwa mwezini hagusi udongo. Ndugu zangu wa kiume mpaka leo vikilipuka wanaulizwa nani alipita hapa, na mvua haiulizwi.

14. Vyungu vya Wakisi ni vipi?

Ni vile vyepesi, ukuta mwembamba, rangi ya kahawia na krimu, unaviona Mbeya mpaka Dar. Wakisi wanakaa kaskazini mashariki mwa ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone iliyoshuka wima majini, mashamba ni ya kubahatisha, kwa hiyo wanafinyanga na kubadilishana. Vinapakiwa kwenye mitumbwi mpaka soko la Lyulilo karibu na Matema siku ya Jumamosi. Ukifika nunua pale pale, utashangaa tofauti ya bei na Dar.

15. Kuna mfinyanzi wa kwetu aliyetoka kimataifa?

Magdalene Odundo, kazaliwa Nairobi 1950, anafanyia kazi Uingereza. Sehemu ya mafunzo yake aliyapata Abuja, Nigeria, kwa akina Ladi Kwali, yule mama ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Vyungu vya Odundo viko kwenye makumbusho makubwa, na hatumii gurudumu: anapandisha kwa mkono, anasugua, anachoma chekundu, akitaka cheusi anachoma tena kwa kukinyima hewa. Ni yale yale ya swali la 7 na la 12.

## Jikoni

16. Maji ya mtungi yanapoaje bila umeme?

Mtungi unavuja kidogo kidogo kupitia yale matundu, maji yanatokeza nje na kukauka, yakikauka yanaondoka na joto. Kwa hiyo mtungi usiotoa jasho haupozi, na ukipaka rangi ya mafuta nje ili upendeze umeuua. Uweke penye upepo na kivuli. Siku za unyevu mwingi, kama Tanga ikinyesha, haupozi sana, usinirudishie.

17. Chungu kipya nakianzaje?

Loweka usiku kucha. Kesho yake pika uji mwepesi au chemsha maji ya mchele humo, moto mdogo, uache upoe humo humo. Wanga unaziba matundu. Kwenye kuosha tumia maji na mkaa au majivu, sabuni hapana, itaingia kwenye matundu na mchuzi wako wa nazi utanukia kufua.

18. Naweza kukiweka kwenye gesi?

Ndiyo, anza na moto mdogo kabisa, kiwe na kitu ndani, na usimwagie maji ya baridi kikiwa cha moto. Kitako cha mviringo kitayumba kwenye jiko la gesi, tafuta kile cha bapa au weka kistendi. Maikrowevu sishauri, chungu kinakuwa kimenyonya maji na kinaweza kuwa cha moto kuliko chakula.

19. Vyungu vina sumu?

Cha udongo mtupu kisichopakwa kitu hakina rangi ya kukuhofisha. Shida ni vile vya kung'aa kama kioo, baadhi hasa vya zamani vilipakwa dawa yenye madini ya risasi, na vitu vichachu kama limau, ukwaju na siki vinayatoa. Na vyungu vya maua vilivyopigwa rangi ya nyumba mtu asipikie, nimeshaona mteja anataka kufanya hivyo.

20. Jiko la mkaa lenye udongo ndani ni la asili?

Siyo sana. Lile la bati nje na bakuli la udongo uliochomwa ndani lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo wakichukua kwenye majiko ya Thailand. Udongo unashika joto lisipotee pembeni, mkaa unakaa. Mafundi bati wanatengeneza nje, wafinyanzi ndani, na kwa wengi wetu hilo bakuli linalipa ada kuliko vyungu.

## Maswali ya pembeni

21. Nimelima nikakuta magae yenye michoro, niuze?

Usiuze na usiyahamishe. Piga picha yakiwa pale pale, weka kalamu pembeni ionekane saizi, halafu peleka taarifa kwa watu wa mambo ya kale au makumbusho. Tanzania kuna sheria yake tangu 1964. Gae lililotolewa mahali pake limepoteza nusu ya habari, maana umri wake mara nyingi unapimwa kwa mkaa uliolala nalo udongoni, na hata masizi na mafuta yaliyoganda ndani yanaweza kusema kilipikwa nini. Kwa hiyo pia usiyaoshe.

22. Udongo wa kula nao ni huu?

Ule wanaouita pemba, au odowa Kenya? Hapana jamani, mimi siuzi, na msimege vyungu vyangu. Mjamzito akiutamani sana amwambie mkunga, huwa ni dalili ya upungufu wa damu.

23. Chungu changu kimepata ufa, nitupe?

Gonga kwa kiungo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele ndogo, chenye ufa kinajibu "bwa" kama dafu lililojaa, fanya hivyo hivyo hata ukiwa unanunua. Ufa ukiwa wa juu shingoni endelea nacho kwa kuwekea chumvi au mchele. Ukiwa wa kitakoni hakipiki tena, ila kivunje vizuri: kigae kikubwa cha kukaangia karanga, kingine cha kuku kunywea maji, cha mdomoni ni kizuri cha kuwekea kaa la ubani. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni na kwetu ilikuwa kweli, sahani nzima nzima zilikuwa za kuuza. Vile vidogo vidogo vinavyobaki niletee bandani, navitwanga.